Mkwe Nyuma ya Goli

Luanshya,
23 Aprili 1985

Mama,

Naandika nimepiga goti, ingawa kwenye karatasi halionekani. Nkandu ananicheka. Anasema mtu mzima haogopi mama mkwe aliye Ndola, mwendo wa nusu saa kwa basi. Mimi naogopa hata bahasha yenye mwandiko wako.

Karanga tumezipokea, asante sana. Chipulu alizila mbichi mpaka akaumwa tumbo, kisha akaomba nyingine.

Habari za mpira utakuwa umezisikia. Kafubu Rovers tumevuka raundi ya kwanza ya Kombe la Washindi wa Afrika. Wale wa Lesotho tuliwafunga mbili hapo Ndola, nao kwao wakatufunga moja, basi, wamebaki na baridi yao. Kombe hili ni la mtoano, Mama. Ukiteleza mara mbili umekwisha, unarudi kucheza na timu za migodini kama kawaida. Kila nikivaa glovu nawaza hilo.

Sasa niseme lililonifanya nikae na kalamu. Mwaka wa nne huu tangu nimwoe Nkandu, na bado sijaingizwa nyumbani kwako. Najua mkwe haombi kuingizwa, anangoja aitwe. Siombi. Nakukumbusha tu Chipulu alipozaliwa. Nkandu alikuja kujifungulia kwako kama inavyotakiwa, na mimi kwa wiki sita nilisimama nje ya ua. Mwanangu analetwa kwenye ua amezongwa blanketi, namwona pua, anarudishwa ndani. Majirani walidhani nachunguza kuku wako. Siku moja mvua ikanikuta palepale, nikakusikia ndani ukisema, "Mpelekeeni mwavuli huyo mjinga." Ndiyo maneno pekee niliyowahi kuyasikia kutoka kinywani mwako. Nimeyatunza.

Mkwe wako,
Lombe


Masala, Ndola,
2 Juni 1985

Mkwe,

Inuka hapo chini, utachafua suruali, na sabuni madukani hakuna.

Nimefurahi mmewatoa na Wamalawi. Nilisikiliza redio, kama kawaida yangu. Mimi uwanjani siendi. Mwanamke ambaye mkwe wake yuko golini, tena hajaingizwa, ataendaje kukaa na kumkodolea macho? Lakini mtangazaji alisema yote. Alisema soksi yako ya kushoto ilishuka mapema kipindi cha kwanza na hukuipandisha mpaka mwisho. Alisema kona unazitokea kama mtu anayefukuza mbuzi, halafu katikati ya safari unaghairi. Ukitoka, toka. Ukikaa, kaa. Alisema pia umekonda. Nkandu anakulisha nini huko?

Unajua marehemu baba yake Nkandu alinipata kwa mpira. Badala ya kuniletea kitambaa kama wenzake, alinipeleka kuona mechi, nikamuuliza mbona yule mtu amesimama peke yake na wengine wanakimbia. Akanieleza habari za kipa mpaka jua likazama. Tulibishana juu ya mpira miaka ishirini na sita. Tangu afariki sina wa kubishana naye. Nkandu nimempenda toka tumboni, lakini ukimuuliza kona ni nini atakuonyesha pembe ya nyumba. Nakosa sana mtu wa kunijibu.

Kuhusu kuingizwa, neno si langu. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na mjomba wa Nkandu ni kaka yangu Kapembwa wa Kasama. Yeye mpira haupendi. Anasema mwanaume anayejitupa chini kila Jumamosi hajawa mtu mzima bado. Nitamwandikia, lakini kwa utaratibu. Ukimharakisha anakaza kamba.

Mama Nkandu


Dar es Salaam,
26 Agosti 1985

Mama,

Tumo nusu fainali. Ndola tuliwafunga hawa wa Dar moja, na juzi hapa kwao hakuna aliyefunga. Watu wa hapa wana maneno mengi kuliko mabao. Mmoja alikaa nyuma ya goli langu akiniuliza kama ni kweli kwetu tunakula viwavi. Kwa Kiswahili changu cha kuokota nikamwambia tunakula, tena ni vitamu kuliko pweza wake. Kipindi cha pili nilipohamia goli la pili akahama na mimi, akaendelea kunitukana kwa upendo mpaka filimbi ya mwisho. Jana amekuja hotelini kuniaga.

Nimekununulia kitenge Kariakoo, cha kijani chenye samaki wa njano. Nkandu atakuletea.

Kuna jambo moja linanitatiza. Kwenye ndege nilikaa na yule mtangazaji wa redio. Nikamuuliza habari ya soksi yangu. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kutangaza soksi ya mtu. Basi labda unasikiliza redio nyingine. Sitauliza zaidi.

Mama, Nkandu hajakwambia kwa sababu anaona haya, kwa hiyo nasema mimi. Ana mimba. Anatarajia Desemba, na atakuja kwako tena. Desemba ni katikati ya mvua. Mvua si kitu, nimezoea. Lakini safari hii nataka nimshike mtoto siku anayozaliwa, ndani ya nyumba, nimekaa kwenye kiti kama baba wa mtu. Hilo tu ndilo ninalolitaka mwaka huu. Kombe nalitaka pia, lakini nikiambiwa nichague moja, nadhani unajua.

Mkwe wako,
Lombe


Masala, Ndola,
8 Septemba 1985

Kaka,

Natumaini mguu unapungua. Usiache kuukanda kwa maji ya chumvi.

Naandika kuhusu mume wa Nkandu. Naomba tumwingize kabla ya mvua. Nkandu anajifungua Desemba na sitaki tena kumtazama kijana wa watu akisimama uani kama mlingoti.

Najua unavyomwona. Lakini nikueleze alichofanya mwezi wa saba. Bati langu lilikuwa linavuja. Alisubiri siku ninayokwenda sokoni kuuza mikate yangu ya chikanda, akaja na ngazi na misumari, akaezeka upya paa lote, akaondoka kabla sijarudi. Jirani alimpa maji, akakataa, akasema hapa hajaingizwa, hajaonyeshwa moto wa jikoni bado, hawezi kumeza kitu. Nilirudi nikakuta bati linang'aa na alama ya kiatu kimoja kwenye udongo. Mafuta ya kupikia akiyapata mgodini analeta chupa anaiacha kwa jirani. Ndugu zetu wangapi wa damu wanafanya hivyo?

Sisemi haya kwa sababu ya mpira. Mpira mimi siufuati.

Mdogo wako,
Mama Nkandu


Kasama,
22 Septemba 1985

Mdogo wangu,

Usinidanganye uzeeni. Mpira huufuati, na mwaka ule ulichelewa msiba wa binamu yetu kwa sababu fainali iliongezwa muda. Halafu Sampa wa huko Ndola amepita hapa juzi, amenieleza yote. Kila Rovers wakicheza Ndola uko uwanjani. Unakaa nyuma ya goli lile ambalo mkweo hayupo. Timu zikibadilishana upande, unanyanyuka na kitenge chako, unazunguka uwanja mzima, unakwenda kukaa nyuma ya goli la pili, ili usimkaribie. Sampa anasema wauza karanga wameshakuzoea, wanakupisha. Nilicheka mpaka mguu ukaniuma. Angalau heshima hujaisahau.

La paa limeniingia. Sikujua.

Basi sikiliza. Tumwingize Jumamosi tarehe 16 Novemba. Ulezi wa pombe nautuma kwa treni ya TAZARA, mtu wangu ataufikisha mpaka kwako. Mimi mguu hauniruhusu, Mzee Chisala atasimama badala yangu na neno lake ni langu. Lakini ulezi ukishalowekwa haungoji mtu, na tarehe niliyoitoa kwa wazee siirudishi. Akiwapo, ameingia. Akiwa anagaagaa kwenye majani mahali fulani, tutazungumza tena baada ya mavuno ya mwakani, mtoto awe amezaliwa au hajazaliwa.

Kapembwa


Luanshya,
9 Oktoba 1985

Mama,

Asante kwa barua ya tarehe. Niliisoma nimesimama mlangoni nikashindwa kuingia, Nkandu akadhani kuna msiba.

Jana tumerudi kutoka Yaoundé. Tumetoka sare, bao moja kwa moja. Bao letu la ugenini ni mali, maana wakija Ndola tarehe 19 na tukazuia wasifunge, tumepita. Mimi nilipewa kadi ya njano kwa kubishana na refa juu ya kona ambayo haikuwa kona. Kadi moja si neno. Ya pili ndiyo inayomweka mtu nje ya mechi inayofuata.

Lakini sikiliza hili. Kocha ametusomea ratiba. Tukiwatoa Wakameruni, fainali ya kwanza itachezwa hapo Ndola, Jumamosi, tarehe 16 Novemba.

Nimekaa na hiyo karatasi tangu jana. Tarehe ni ileile. Tukishindwa, naingia nyumbani kwako. Tukishinda, nakuwa golini na ulezi unachacha bila mimi. Mungu anisamehe, ndani ya basi kutoka uwanja wa ndege nilijikuta nawaza jinsi ya kupata homa siku ile ya fainali. Kipa wetu wa akiba ni Mwape. Ni mtoto mzuri, na mipira ya chini anaidaka vizuri, ya juu anaipigia saluti.

Je, mjomba anaweza kusogeza wiki moja tu? Nakuomba unijibu mapema.

Mkwe wako,
Lombe


Masala, Ndola,
13 Oktoba 1985

Mkwe,

Nimekwenda posta nikapiga simu parokia ya Kasama, wakamwita kaka yangu, tumegombana mpaka hela zikaisha. Hasogezi. Ameshawaambia wazee.

Sasa nisikilize. Homa usiipate. Ukijifanya mgonjwa nitajua, na mlango wangu hutauona hata kwa ndoto. Sikukukubali umwoe binti yangu ili uje kunidanganya Mwape ni kipa. Tarehe 19 cheza kama ulivyozaliwa kucheza. Ukishinda na ukasimama uani Desemba, nitakaa na wewe upande wangu wa ua, tutapeana mgongo, tutanyeshewa wote.

Na mimi nataka uingie. Usidhani ni wewe tu unayengoja. Nimepika kuku wa sikukuu miaka minne nikijua kuna mtu ameachiwa paja na hawezi kuja kulila. Linaniuma.

Mimi nitakuwa na redio yangu.

Mama Nkandu


Luanshya,
21 Oktoba 1985

Mama,

Tuko fainali. Hakuna aliyefunga, na lile bao la Yaoundé limetuvusha. Luanshya nzima inaimba, isipokuwa mimi hawaniimbi, mimi wananinunia. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana redio huenda haikuona yote.

Uwanja ulijaa kupita kiasi. Watu waliruka ukuta, wakakaa hata kwenye majani nyuma ya magoli yote mawili. Mapumziko hakuna aliyeweza kusogea kwenda upande wowote. Zikiwa zimebaki dakika chache, Wakameruni wametubana mpaka pumzi inakata, mshambuliaji wao akapiga shuti, likapita pembeni ya goli, mpira ukaenda kwa watu. Nikageuka kuufuata nipige goli kiki.

Mpira ulikuwa mapajani mwa mama mmoja. Siwezi kusema ni nani, kwa sababu sikumtazama. Niliona kitenge tu, cha kijani chenye samaki wa njano. Vitenge vinafanana. Nilipomkaribia nimenyoosha mikono, yule mama akavuta kitenge akajifunika kichwa, akanigeuzia mgongo, na mpira wangu ameukumbatia humohumo ndani. Na mimi, Mama, miguu ilijua kabla yangu. Nikageuka, nikampa mgongo, nikachuchumaa.

Tukakaa hivyo. Nusu fainali ya Afrika, kipa amechuchumaa, mama amejifunika, mpira hauonekani. Uwanja mzima unapiga kelele mpira utolewe. Wabemba wenzetu waliokuwa karibu walielewa, wakaanza kuwanyamazisha wenzao, wakisema, "Mwacheni, ni mkwe wake huyo." Mzee mmoja akatupigia makofi ya heshima, taratibu, kama tuko kwa chifu. Lakini refa alikuwa mtu wa Mauritius, na nadhani huko kwao mama mkwe wanamkumbatia. Alikuja mbio akanionyesha kadi ya njano kwa kupoteza muda. Ya pili hiyo. Fainali ya kwanza sichezi.

Kocha Jere ni Mngoni, mtani wetu, huruma hana. Mbele ya timu nzima alisema, "Ninyi Wabemba, siku ya kiama mtamgeuzia Mungu mgongo mkidhani ni mama mkwe." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda bafuni nikalia. Nasema ukweli. Nimekaa golini miaka tisa kuingoja fainali moja.

Sijamwambia mtu yeyote yule mama alikuwa nani, kwa kuwa sijui. Wanaonitukana njiani wananitukana peke yangu.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu, ndipo ikanijia. Nikaweka wembe chini nikamwita Nkandu. Mama, Jumamosi ile sina mechi.

Mkwe wako,
Lombe


Masala, Ndola,
25 Oktoba 1985

Mkwe,

Pole. Pole sana. Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaifungua tena.

Redio haikumtaja huyo mama. Mimi simjui, na sitamsema vibaya mtu nisiyemjua. Lakini nijiulize kwa niaba yake, angefanya nini? Angekuangalia usoni akakurushia mpira kama mchezaji mwenzako? Alilelewa, na wewe umelelewa. Kama anaupenda mpira, basi alijua kadi ile maana yake nini kabla refa hajaitoa mfukoni. Nadhani alirudi nyumbani peke yake siku hiyo, hakuongozana na mtu, kwa sababu hakutaka kuongea. Nadhani hakula. Ningekutana naye ningemwambia kwamba kijana ameandika barua ndefu na hakuweka lawama hata mstari mmoja.

Mwape nimeanza kumwombea kanisani, kwa jina.

Ulezi umefika salama. Nimeuloweka. Tarehe 16 uje na Mzee Chisala saa nane mchana, vaa shati jeupe, viatu viache mlangoni, na usiseme neno mpaka uambiwe. Mzee Chisala ameshatoa amri redio izimwe. Anasema mkwe haingizwi nyumbani huku mtu anatangaza kona. Kwa hiyo wakati Rovers wanacheza fainali ya Afrika, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, mimi nitakuwa nasonga ugali na redio imefungwa kabatini.

Fainali ya Afrika hapa Ndola sijawahi kuiona, na sidhani kama nitaiona nyingine. Nimesema mara moja, sitarudia. Wewe ndiye niliyekuchagua.

Mama Nkandu


Masala, Ndola,
18 Novemba 1985

Kaka,

Uliniagiza nikueleze kama vile ulikuwapo. Imekwenda vizuri. Rovers nao wameshinda, Wamisri tumewafunga moja, na Mwape alidaka hata mipira ya juu. Wiki mbili zijazo wanakwenda Alexandria, na golini anarudi Lombe. Najua mistari hii utairuka, lakini nimeiandika.

Ulezi wako ulitoa pombe ya kweli. Mzee Chisala aliionja akasema Kasama bado kuna watu. Nilipika kuku wawili, viwavi vya kukaanga, kisamvu kwa karanga na chikanda. Nkandu alitaka kusaidia, nikamkalisha, tumbo limeshafika mahali pa kukalishwa. Mtoto akija, baba yake atapita mlangoni kama watu wengine. Hilo limekwisha.

Lombe alikuja saa nane kamili. Shati jeupe, miguu mitupu, macho chini. Mzee Chisala alimkalisha kwenye mkeka, nami nikakaa mbele yake, macho chini vilevile. Kijana wa watu nimemjua kwa mgongo na kwa mbali, Kaka. Hata juzi mwanzoni sikumwona ila miguu. Maneno yote ya wazee yalisemwa, ya kwako aliyasema Mzee Chisala kama ulivyomtuma, hakupunguza, na lile la kugaagaa kwenye majani alilisema mara mbili.

Saa tisa mpira ukaanza. Hatukuwa na redio lakini masikio tulikuwa nayo. Kelele za uwanjani zinafika mpaka ndani kwangu, zinapanda na kushuka. Kwa kuwa nilikuwa natazama chini, niliona vidole vya miguu yake. Zikipanda, vinajikunja. Zikishuka, vinanyooka. Nilijua kabisa mpira uko upande gani. Nikajishika nisicheke, nikatazama pembeni ya mkeka, na hapo nikagundua vya kwangu pia vimejikunja.

Tukafika kwenye kulisha. Unajua kwamba tonge la kwanza mkwe hulishwa na mama mkwe. Nikamega ugali, nikachovya kwenye mchuzi wa kuku, nikauinua mkono kuelekea mdomoni mwake. Na ndipo Ndola nzima ikalia. Bati langu lilitetemeka. Sote wawili tuligeuza vichwa upande wa uwanja, kwa pamoja, kama tumevutwa kwa kamba moja, tukautazama ukuta. Kisha tukarudisha vichwa, kwa pamoja tena, na tukakutana uso kwa uso.

Ana kovu juu ya jicho, Kaka. Ana macho ya mtu mpole aliyechoka. Nilimtazama nisiweze kuacha. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, mabega tu kwanza, halafu akashindwa. Na mimi nikashindwa. Nilicheka mpaka mchuzi ukanidondokea mkononi, na machozi yalikuwa yananitoka, sikujua ni ya nini, nadhani ni ya baba yake Nkandu na ya huyu pamoja. Mzee Chisala akagonga mkeka akituuliza kama hapa ni kilabu cha pombe. Nkandu alikuwa amejiinamia, anatetemeka kwa kicheko.

Nikasema kama inavyotakiwa kusemwa. "Mwanangu, nyumba ni yako, ingia, kula."

Akasogeza uso. Akafungua mdomo, nikadhani ni kwa ajili ya tonge. Lakini aliinama karibu nami, sauti ya chini ili mzee asisikie, akaniuliza, "Mama, ule mpira uliukumbatia makusudi?"

Nikamtia tonge mdomoni.

Mdogo wako,
Mama Nkandu